Hita ya Gari na Dhima ya Muuzaji

Miongoni mwa ada zilizoota mizizi katika biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, tangu Limuru na Nyahururu hata Mbeya na Njombe, iko moja ambayo watu wameizoea kiasi cha kutoiona tena kuwa ni ubaya. Mtu akiazimia kuuza gari lake, kwanza hulipeleka likaoshwe, viti vikasuguliwa, matairi yakapakwa mafuta ya kung'arisha na injini ikapuliziwa dawa hata ikametameta. Lakini hita, ambayo amejua tangu msimu wa baridi uliopita kwamba haifanyi kazi, huiacha ilivyo, akitaraji kwamba mnunuzi, ambaye aghalabu huja kulitazama gari saa sita mchana jua likiwa limesimama utosini, hatakumbuka kukigeuza kile kitufe chenye alama nyekundu. Naandika makala haya kuipinga ada hiyo. Dai langu ni kwamba mwenye gari anayo dhima ya kuitengeneza hita kabla ya kuliuza, kwa mkono wake mwenyewe pale uwezo wake unapofika, na kwa mkono wa fundi pale unapokoma. Na ikiwa hali yake haimruhusu hili wala lile, basi anayo dhima ya kumwambia mnunuzi waziwazi na kuipunguza bei kwa kadiri ya ila hiyo. Kuificha ni hiana, hata ikipambwa kwa jina la biashara.

Nalijua jibu litakalotolewa upesi na wengi, kwamba nchi zetu ni nchi za jua, na kwamba hita ni anasa iliyokuja ndani ya gari kutoka Japani bila ya mtu yeyote wa kwetu kuiomba. Jibu hilo laweza kumfaa mtu wa Tanga au wa Malindi, ambaye huenda gari lake likamaliza umri wake bighairi ya hita kuguswa hata mara moja. Lakini gari halina makao ya kudumu, na lile lililonunuliwa Dar es Salaam mwaka huu laweza kuwa Makete mwaka kesho, katika Uwanda wa Kitulo ambako mwezi wa Juni na Julai sakitu huamkia juu ya majani, na lile lililotoka Mombasa laweza kujikuta likipanda alfajiri kuelekea Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hita haitafutwi kwa ajili ya raha ya vidole tu. Abiria watano wakiketi ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua na baridi, pumzi zao hubeba unyevu, na unyevu huo ukikutana na kioo cha mbele kilicho baridi hugeuka matone madogo yasiyohesabika, hata dereva akawa anaendesha kwa kukisia. Hufuta kwa kitambaa, na kioo hubaki na mistari ya maji inayoitawanya mianga ya malori yanayokuja. Baada ya punde ukungu umerudi pale pale. Dawa yake yakini ni hewa yenye joto na iliyo kavu inayopulizwa juu ya kioo: kipoza hewa huikamua unyevu, na hita huitia moto. Kwa sababu hiyo Marekani imekuwa na kanuni ya taifa juu ya vyombo vya kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele tangu 1968, na Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo la namna hiyo mwaka 1978. Serikali hizo ziliitazama hita kwa jicho lile lile zinalotazamia breki na taa, yaani jicho la uhai wa watu barabarani; nasi tunaoshuka na kupanda kati ya Limuru na Naivasha katika ukungu wa Julai hatuna sababu ya kuitazama kwa jicho jingine.

Ili mtu aelewe kwa nini naitaka hita itengenezwe na isifichwe, yafaa ajue kwanza jinsi inavyofanya kazi na jinsi inavyouawa. Petroli inapoungua ndani ya injini, ni sehemu tu ya nguvu yake inayozungusha magurudumu. Iliyobaki ni moto, ambao kiasi hutoka kwa bomba la moshi na kiasi huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini. Baadhi ya maji hayo hupita katika mipira miwili inayopenya ule ukuta wa bati ulio baina ya injini na chumba cha abiria, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, nayo yakaingia katika rejeta ndogo, iwezayo kushikwa kwa mkono mmoja, iliyofichwa ndani kabisa nyuma ya dashibodi. Feni huisukuma hewa ipite katikati ya rejeta hiyo, na kibao chenye bawaba huamua ni kiasi gani cha hewa kipite motoni na kiasi gani kipite kando. Ndiyo kusema kwamba joto lile dereva halilipii hata senti moja, maana ni moto ambao injini ingeutupa nje vyovyote vile. Na ndiyo kusema pia kwamba afya ya hita haitengani na afya ya maji ya injini.

Na hapo ndipo maradhi ya kwetu yanapoanzia. Kulanti iliyo halisi ina dawa ya kuzuia kutu na kuukinga ukoko, na fauka ya hayo huyafanya maji yakawie kuchemka, jambo lenye maana kubwa huko juu milimani, kwa kuwa katika kimo cha mita 2,700 maji matupu yaliyo wazi huchemka yafikapo takriban nyuzi 91 za Selsiasi na hayangoji 100. Watu wengi, ama kwa kubana matumizi ama kwa kutojua, humimina maji ya bomba, ya kisima au ya mto, yenye chumvi na madini yake yote, mwaka baada ya mwaka. Kisha huja yule fundi anayeamini kwamba themostati ni pingu isiyohitajika katika nchi ya joto, akaing'oa na kuitupa. Themostati ni mlango mdogo unaoendeshwa na nta, ambao hukaa umefungwa maji yakiwa baridi na hufunguka, katika magari mengi, yakifika baina ya nyuzi 80 na 95. Ukiondolewa, injini huchelewa kupata joto lake la haki, hunywa mafuta zaidi, hulika upesi, na hita hupuliza hewa ya vuguvugu isiyomfaa mtu yeyote. Nimepata kuishika mikononi rejeta ya hita iliyotolewa katika gari dogo lililokuwa likinyweshwa maji ya kisima, ikapasuliwa kwa msumeno ili tuione ndani yake. Vijia vyake vya bapa, ambavyo uwazi wake ni mwembamba mno, vilikuwa vimejaa tope la rangi ya kahawia, gumu pembeni na laini katikati. Na penye mdomo wa kuingilia maji palikuwa na mabonge ya ile dawa ya kuzibia uvujaji ambayo watu huimimina katika rejeta kubwa wakidhani itaziba tundu walilolikusudia peke yake. Dawa ile haina macho: huziba penye uvujaji na huziba penye wembamba, na wembamba kuliko wote umo ndani ya hita.

Hita ikiisha kuziba, au ikaanza kuvuja, tiba ya haraka katika gereji nyingi ni kuikata. Fungua boneti ya gari la namna hiyo utazame nyuma ya injini: utaona ile mipira miwili iliyopaswa kuingia ukutani imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba kilichopindwa, kikabanwa kwa klipu mbili, na midomo miwili ya hita imebaki ukutani wazi, imeshika kutu na vumbi. Sisemi kwamba tendo hilo ni ovu kwa asili yake. Hita ikipasuka njiani usiku, maji ya moto yakamwagikia miguu ya abiria na injini ikawa karibu kukauka, fundi anayeikata ili watu wafike kwao salama amefanya wema na anastahiki shukrani. Ubaya huanza pale tiba ya dharura inapogeuzwa kuwa ya daima, kisha ikauzwa kwa mtu mwingine kana kwamba gari ni zima.

Fauka ya hasara ya baridi na ukungu, ukataji huo huficha habari ambayo mnunuzi anaihitaji kuliko zote. Hita kupoteza joto ghafula aghalabu ni dalili ya kwanza kwamba maji yamepungua, na maji hayapungui bila ya sababu: pengine pampu inavuja, pengine rejeta kubwa imetoboka, na pengine gasketi ya silinda hedi imeungua, ikawa moshi wa mwako unaingia katika njia ya maji na kujikusanya kuwa hewa ndani ya hita. Mtu aliyeikata hita badala ya kuuliza kwa nini imepoa amelinyamazisha shauri lililokuwa likimwambia habari za injini nzima, na mtu anayemuuzia mwenzake gari hilo pasipo kusema humuuzia, pamoja na hita iliyokufa, uwezekano wa injini itakayokufa juu ya mlima.

Sasa nije katika kazi yenyewe, maana sipendi kumwamuru mtu tendo ambalo sikumwonyesha njia yake. Watu wengi huogopa hita kwa sababu wamesikia kwamba ni lazima dashibodi yote ing'olewe. Lakini sababu kadha wa kadha za hita kutofanya kazi hutibika uani kwa mtu mwenye spana, bisibisi, koleo na subira. La kwanza ni kuujua ugonjwa. Washa injini, iache ipate joto lake, weka hita mwisho wa joto, kisha, kwa hadhari ya feni na mikanda, gusa kwa upesi ile mipira miwili pale inapoingia ukutani. Ikiwa yote miwili ni ya moto sawasawa, basi maji yanafika na ila iko upande wa hewa: pengine kile kibao chenye bawaba kimekwama, au kijimota kinachokigeuza kimevunjika meno yake ya plastiki, jambo ambalo hujulikana kwa mlio wa kugonga-gonga unaosikika ndani ya dashibodi kila unapobadili joto. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni wa baridi, basi maji yanafika lakini hayapiti, nayo ni alama ya hita iliyoziba, au ya vali iliyokataa kufunguka katika magari yaliyo nayo. Na ikiwa yote miwili ni ya vuguvugu, tazama kwanza kiasi cha maji, kisha uulize habari za themostati. Feni nayo ina mambo yake: ikiwa inazunguka kwa kasi ya juu tu na kasi nyingine zimekufa, kilichoungua aghalabu ni kipande kidogo cha kupunguza umeme, ambacho katika magari mengi hukaa karibu na feni yenyewe, nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, na hufungwa kwa skurubu chache tu. Hapo hapo, katika magari mengi, pana chujio la hewa ya ndani. Likiwa limejaa vumbi la miaka mingi, hewa hupita kwa shida hata kama hita ni nzima.

Hita iliyoziba huoshwa hivi. Kazi ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe maji yakiwa ya moto, kwa maana maji hayo yamebanwa, na yakiachiwa huruka yakiwa mvuke na kuunguza uso na mikono. Maji ya zamani yakingwe kwenye karai na kutiwa katika dumu, yasimwagwe mtaroni wala chini ya mti. Kulanti nyingi zina sumu iliyo tamu, na mbwa, paka, hata mtoto mdogo, wanaweza kuyanywa kwa ajili ya utamu huo na kufa. Mipira ya hita iliyogandamana isivutwe kwa nguvu, kwa sababu midomo ya hita ni ya bati jembamba linalopindika na kupasuka. Mpira uliokataa kutoka ni afadhali uchanwe kwa wembe kwa urefu wake na kununuliwa mwingine, kuliko kuokoa bei ya mpira kwa kuiharibu hita nzima. Kisha ungamanisha mpira wa maji wa bustanini na ule mdomo ambao kwa kawaida maji hutokea, ufungulie maji kwa nguvu ndogo, ili uchafu urudishwe kinyume cha njia uliyoingilia. Mara ya kwanza yatatoka maji ya rangi ya kutu yenye vipande vipande. Geuza upande, kisha geuza tena, mpaka yatoke meupe pande zote mbili. Haraka haina nafasi hapa, wala mtu asifungulie maji kwa kishindo akitaka kumaliza mapema, kwa kuwa bati lililoliwa na kutu miaka mingi laweza kupasuka mbele ya nguvu hiyo.

Baada ya kuosha, rudisha mipira, badili klipu zilizochoka, tia themostati mpya ikiwa ya zamani ilikwisha kutupwa, na ujaze kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa katika mwongozo wa gari, ambacho aghalabu ni nusu kwa nusu. Halafu itolewe hewa, hatua ambayo wengi huiruka na kisha kuilaumu hita bure. Hewa hukimbilia mahali pa juu, na katika magari mengi hita iko juu. Kwa hiyo gari lielekezwe pua juu ya kilima kidogo, breki ya mkono ikazwe na magurudumu yawekewe mawe, kifuniko kiondolewe injini ingali baridi, hita iwekwe mwisho wa joto, kisha injini iwashwe na iachwe ingurume polepole huku maji yakiongezwa kila yanaposhuka, mpaka mapovu yakome. Mapovu yasiyokoma, yanayotoka mfululizo hata baada ya muda mrefu, ni habari nzito: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo muuzaji hana tena shauri la hita peke yake.

Kazi hii inao mpaka wake, na mtu mwenye busara huujua kabla hajauvuka. Hita ikiwa inavuja, na dalili zake ni harufu tamu ndani ya gari, kioo kinachoshika utando wa mafuta-mafuta, na zulia lililolowa miguuni pa abiria, basi kuiosha hakutafaa. Sharti ibadilishwe, na katika magari mengi kuifikia ni kung'oa dashibodi kwa siku nzima au zaidi. Ndani ya dashibodi mna mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na abiria, ambayo hufumuka kwa baruti, na anayegusa nyaya zake bila ya kuondoa waya wa betri na kungoja muda ulioagizwa na mwongozo hujitia hatarini bure. Mna pia mabomba ya gesi ya kipoza hewa, ambayo mara nyingi yako katika sanduku moja na hita. Gesi ya R134a, iliyoenea katika magari tangu miaka ya 1990, ina nguvu ya kuipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, na kuiachilia hewani ili kuokoa gharama ya mashine ya kuivuta ni dhuluma kwa watu wasiokuwamo katika bei. Anayefika mpaka huu na akaona kwamba ujuzi wake umekoma, ampe kazi fundi wa yakini, au alifunge jambo kwa kulisema.

Wako watakaonijibu kwa hesabu, na hesabu yao naiheshimu. Watasema kwamba mnunuzi haongezi bei kwa ajili ya hita, na kwamba kila shilingi inayotiwa katika gari linaloondoka ni shilingi iliyotupwa. Nasema kwamba kwa kazi nilizozieleza hapo juu, gharama kubwa ni ya kulanti, klipu na jasho la mwenye gari, nayo haimfilisi mtu. Nasema tena kwamba mnunuzi mjuzi huja na fundi wake, na fundi huyo akiiona mipira iliyokatwa ikafichwa, hatazihesabu hasara za hita peke yake; atamwambia bwana wake, na kwa haki, kwamba aliyeficha hili amefichua tabia yake, na ni nani ajuaye amelificha lipi jingine? Hapo bei hushuka zaidi ya thamani ya hita kumi, au mnunuzi huondoka zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na gari ambalo mwenyewe anaweza kusema mbele ya watu, washa, geuza, weka mkono hapa uone, halihitaji dalali wa kuliapia.

Lakini hata kama hesabu ingekuwa upande wao kabisa, nisingeikubali iwe kadhi wa jambo hili. Gari lililozeeka sana, ambalo kung'oa dashibodi yake kungemgharimu mtu sehemu kubwa ya bei, mwenyewe hana lawama akiliuza kama lilivyo. Analolaumiwa ni kunyamaza. Kulisema jambo hakugharimu chochote ila ujasiri wa kitambo kidogo, na kunamwachia mnunuzi uhuru wake: mtu wa Bagamoyo ataliridhia kwa moyo mweupe, na mtu wa Njombe atajua anachokinunua na atajiandaa.

Na kunyamaza huko kunahitaji kukemewa zaidi kwa sababu sheria yetu haikukemei vya kutosha. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zimetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo humtwisha mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo dhamana ya kwamba alichokiuza kinafaa kwa biashara, lakini mtu wa kawaida anayeuza gari lake mwenyewe haimtwishi dhamana hiyo. Na hata kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyekikagua kitu hapati haki juu ya ila ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Anayesema uongo akiulizwa, hilo ni jambo jingine na sheria inao mkono wa kumfikia. Lakini anayenyamaza kimya asipoulizwa, mara nyingi hupita. Wanazuoni wa fiqhi, waliozoewa na watu wa pwani kwa karne nyingi, walikwenda mbele ya hapo: kwao muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake analazimika kuibainisha, na mnunuzi aliyegundua ila ya zamani iliyofichwa anayo khiyari ya kuirudisha bidhaa. Hapana haja ya mtu kuwa Mwislamu ili aone insafu iliyomo katika kanuni hiyo. Inatambua kwamba baina ya muuzaji na mnunuzi elimu haiko sawa, kwa kuwa mmoja ameishi na gari miaka na mwingine amelitazama kwa saa moja. Na mwenye elimu ndiye anayebeba mzigo wa kusema.

Basi naomba mambo matatu, nayo yote yawezekana mwezi huu huu. Wauzaji wafanye kazi ya hita mapema, kabla ya kulipeleka gari kuoshwa, na katika hati ya mauzo waandike kwa mkono wao hali yake: inafanya kazi, au haifanyi, au imekatwa, na kwa sababu gani. Mafundi, ambao watu huweka roho zao mikononi mwao, wakikata hita kwa dharura waiandike kazi hiyo katika stakabadhi, waache kuing'oa themostati kwa mazoea, na wamwambie mwenye gari kwamba maji ya kisima yanamgharimu kuliko kulanti. Na wanunuzi waache kuyatazama magari adhuhuri peke yake. Waende asubuhi injini ikiwa baridi, wangoje ipate joto, wajaribu kila kasi ya feni, wanuse, wapapase zulia la upande wa abiria, wafungue boneti na kuifuata mipira ya hita mpaka ukutani, kisha wamuulize muuzaji swali lililo wazi mbele ya shahidi, kwa sababu swali lililoulizwa humwondolea mwongo maficho yake ya kimya. Wakaguzi wa magari nao wangefanya hisani kwa umma kama wangelipa suala la ukungu wa kioo uzito wanaoupa mwanga wa taa, hususan kwa matatu na mabasi madogo yanayopanda milima kabla ya jua kuchomoza yakiwa yamejaa watu. Gari likiisha kuuzwa, mikono iliyolitengeneza haitajulikana, wala mnunuzi hatakuja kumshukuru mtu kwa safari ambayo kioo chake kilikuwa safi. Na kazi ifanyikayo kwa ajili ya mtu ambaye hatutamwona tena ndiyo inayoshuhudia kwamba biashara yetu ni ya watu waaminifu.